Mwenyekiti Aliyejipiga Marufuku

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma, bila kulazimishwa na mtu, kwamba mwenye kiwanda wa kwanza kupigwa marufuku kuuza matairi mjini Nairobi alikuwa mimi, Kinyanjui wa Mungai, na kwamba mkubwa aliyempiga marufuku alikuwa mimi vilevile. Uamuzi ulikuwa wa haki. Niliusoma mwenyewe kwa sauti, nikausikiliza kwa makini, nikaridhika kwamba nimetendewa bila upendeleo.

Kabla ya kupata cheo nilikuwa mtu wa maana. Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa nauza matairi ya ng'ambo katika duka moja la River Road. Kazi yangu ilikuwa kumweleza mteja kwamba tairi ni zuri kwa sababu limevuka bahari. Fundi wa duka hilo alikuwa Munir Athman, mtu wa Mombasa, mpole, mwenye kanzu nyeupe siku ya Ijumaa na mikono myeusi siku nyingine zote. Siku moja, tukinywa chai, aliniambia:

"Ndugu yangu Kinyanjui, kwani tairi ni kitu gani? Ni mpira uliopikwa ukaiva. Tupike wetu."

"Nani atapika?"

"Mimi nitapika. Wewe utasema. Mwenyezi Mungu amekujalia mdomo."

Hivyo ndivyo Kampuni ya Matairi ya Mviringo ilivyozaliwa. Munir alileta mikono, mimi nikaleta mdomo, na Njambi, mke wangu, akauza ng'ombe wake wa gredi, yule wa maziwa mengi, kisha akaongezea akili zake bure. Tulijenga banda la mabati karibu na Dagoretti Corner. Tairi la kwanza lilipotoka kwenye kalibu, lile umbo la chuma la kupikia mpira, likifuka moshi, Munir alilipiga kofi kama mkunga anavyompiga mtoto mchanga ili alie. Njambi alitokwa na machozi. Mimi nilihutubia.

Matairi yenyewe yalikuwa mazuri. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu sikuyatengeneza mimi. Shida ilikuwa wanunuzi. Dereva mmoja wa lori alilizunguka tairi letu, akalipiga teke, akacheka.

"Tairi ya Dagoretti? Si hii ikiona mteremko wa Mai Mahiu itageuka irudi kwao?"

Njambi alishauri tuwape madereva wachache matairi bure. Wakienda Mombasa na kurudi salama, watatutangaza wenyewe. Ushauri huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: ungefaulu bila mimi kuonekana. Nikafunga tai, nikashuka Harambee Avenue kumwona Waziri.

Waziri aliyehusika na mambo ya matairi alinipokea siku hiyohiyo, jambo ambalo lingepaswa kunitia shaka. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye Benzi iliyokuwa nene na changamfu kama yeye.

"Unataka watu wanunue tairi zako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi tuzuie zile zingine kwanza. Tutaunda kamati. Unaweza kuongea masaa matatu bila kusema kitu?"

"Mheshimiwa, nimewahi kuongea manne."

Akanipa mkono. Nilitoka pale nikiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kitaifa ya Uthibitisho, Usimamizi, Ustawi na Uendelezaji wa Tairi. Kwa kifupi tuliiita KKUUUUT, neno ambalo hakuna aliyewahi kulianza akalimaliza kwa pumzi moja. Nikapewa ofisi yenye zulia, na karani anayeitwa Phoebe, msichana aliyejua kupiga chapa na kunyamaza. Nikapewa na nyumba Kitisuru, penye bustani ya kijani ambamo wageni walinisalimia kwa heshima na kuniuliza kama mwenye nyumba yuko.

Cheo kilinikaa vizuri, hasa tumboni. Nilianza kutembea polepole ili nisionekane natoka mahali pasipo na umuhimu. Njambi akiniuliza usiku kama nimeshiba, nilimjibu kwamba kwa sasa siko katika nafasi ya kuthibitisha wala kukanusha.

Kanuni yetu ya kwanza ilikuwa kazi ya mikono yangu: kuanzia sasa, hakuna tairi jipya litakalouzwa kwa ajili ya chombo chochote chenye injini mpaka Kamati ilithibitishe. Meli zilizoleta matairi zikageuzwa. Nilingoja Njambi anipongeze. Badala yake alikuja ofisini pamoja na Munir, wakiviringisha tairi letu juu ya zulia la serikali.

"Tumeleta ya kuthibitishwa," Njambi alisema. "Weka muhuri twende. Wafanyakazi wanangoja."

Lazima nieleze hali ilivyokuwa. Wiki hiyohiyo gazeti moja lilikuwa limenong'ona kwamba Mwenyekiti atajipendelea. Niliposoma maneno hayo niliumia moyo, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimekusudia. Sasa ilibidi nionyeshe uadilifu, na uadilifu haujawahi kuonekana vizuri kuliko pale unapomwumiza mtu wa nyumbani.

"Mama," nikamwambia mke wangu, "Kamati haiwezi kulifahamu tairi hili mpaka ilichunguze."

"Baba Wambui, hii tairi unaijua. Ilikuwa sebuleni kwetu. Umeikalia ukinywa uji."

"Nililikalia kama raia."

Munir alivuta pumzi. "Bwana Mwenyekiti," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kutoniita ndugu yake, "tusipouza, banda litafungwa. Wale watu wana watoto. Sema neno moja tu."

Nilisema maneno mengi. Phoebe aliyapiga chapa yote. Neno lile moja halikuwemo.

Magazeti yalinisifu. Picha yangu ilitoka nikiwa nimelikunjia uso tairi langu mwenyewe. Njambi alifungasha nguo zake, akahamia chumba kilichokuwa nyuma ya banda la Dagoretti. Niliwaarifu majirani wa Kitisuru kwamba mke wangu yuko katika ziara ya kikazi.

Kamati ilianza kazi kwa bidii. Tulitumia msimu wote wa mvua kujadili kama tairi lisilo na upepo ni tairi au ni matarajio. Kamati ndogo iliundwa kuchunguza neno "duara", ikarudi na maoni mawili. Wakati huo matairi ya watu yalikuwa yanaisha. Mabasi ya jiji yalikuwa na akiba yao, kwa hiyo wananchi waliendelea na safari zao. Walioumia ni sisi wenye magari. Huko Kitisuru kila Pijo na kila Benzi ililala juu ya mawe, safi, imepigwa rangi ya kung'aa, haiendi popote. Tulikuwa tunakaa ndani ya magari hayo jioni na kusikiliza redio.

Kisha Waziri mwenyewe akanipigia simu. Alikuwa amealikwa kufungua maonyesho ya kilimo Jamhuri Park, na tairi la mwisho la Benzi yake lilikuwa limekata roho langoni.

"Kinyanjui, nipe tairi nne."

"Mheshimiwa, hakuna tairi lililothibitishwa."

"Basi thibitisha!"

"Lazima kikao kiitishwe, Mheshimiwa. Na wajumbe hawawezi kufika. Hawana matairi."

"Wapande basi."

"Kanuni ya hadhi inawakataza kufika kwa miguu, kwa basi, kwa baiskeli na kwa punda. Na kikao cha dharura lazima ukifungue wewe mwenyewe."

"Nani mjinga aliyeandika hizo kanuni?"

Nilimwambia jambo hilo lingehitaji uchunguzi.

Ni Phoebe aliyeniokoa. Alisoma kanuni mstari kwa mstari, akainua kichwa. "Mzee, mkokoteni haujatajwa."

Nilikwenda Dagoretti Corner kwa miguu, kwa njia za nyuma ili nisionekane. Nilitarajia kukuta banda limefungwa, kutu mlangoni, na majirani wa kunihurumia. Nilisikia kelele kabla sijalifikia. Mafundi walikuwa wanapiga kazi huku wakiimba. Nje, mikokoteni ilikuwa imepangwa mpaka barabarani, na kila mmoja ulikuwa na magurudumu mapya ya mpira, meusi, ya kupendeza. Ya aina hiyo sikuwa nimewahi kuyaona, wala Kamati yangu haikuwa na habari nayo.

Njambi alikuwa langoni, kitambaa kichwani, mikono imejaa masizi.

"Mnavunja sheria?" nilimuuliza.

"Sheria inasema chombo chenye injini," alijibu. "Hawa wana injini?" Akamwonyesha mvuta mkokoteni mmoja, Nzomo, mtu mwenye mabega kama kabati, aliyekuwa anakula mkate. "Nzomo, uko na injini?"

"Niko na njaa tu, mama."

Ikawa hivyo. Nilipowafungia lango la magari, Njambi na Munir waliingia kwenye soko ambalo hakuna Mwafrika wala Mzungu aliyewahi kulitazama. Wavuta mikokoteni wa jiji zima walikuwa wakihangaika na magurudumu yaliyookotwa kwenye magari mabovu. Sasa waliagiza kutoka soko la Wakulima hadi Kawangware, na bandani hakuna hata mfanyakazi mmoja aliyefukuzwa kazi. Munir alinitazama kutoka kwenye kalibu, akapunga mkono, akaendelea kupika. Nilijikuta nimefurahi kiasi cha kuona haya, nikaficha jambo hilo kwa kukohoa.

"Nahitaji mikokoteni," nilimwambia Njambi. "Ya kuleta Kamati pamoja na Waziri."

"Hii inabeba viazi."

"Kamati haina tofauti kubwa."

Hilo lilimchekesha, ingawa hakutaka. "Itawaleta hapa. Haiendi mjini. Na kwenye mlima abiria anashuka anasukuma. Hiyo ndiyo sheria ya Nzomo, si yangu."

Asubuhi iliyofuata, KKUUUUT ilisafiri. Wajumbe walikaa juu ya magunia, suti nyeusi, mikoba magotini. Watu wa Kangemi walidhani ni maandamano ya sikukuu, wakatupigia vigelegele. Waziri alipunga mkono mpaka tulipofika kwenye mlima, ambapo Nzomo alisimama, akaweka mti wa mkokoteni chini, na kumwangalia.

"Mzee, hapa tunashuka."

"Unaniambia mimi?"

"Naambia mzigo."

Waziri alishuka. Tulisukuma wote, Mheshimiwa katikati, mimi kulia, na mjumbe wa kamati ndogo ya duara kushoto, akiwa amekutana na duara kwa mara ya kwanza.

Kikao kilifanyika uani kwa kiwanda. Waziri alikifungua akiwa anahema. Nilipendekeza matairi ya Mviringo yathibitishwe. Wajumbe wote waliinua mikono. Nadhani ilikuwa kazi ya haraka kuliko zote tulizowahi kufanya, na ilituacha na huzuni kidogo, kwa maana ilionyesha muda ambao kazi hiyo ilihitaji tangu mwanzo.

"Sasa," Waziri alisema, akijipangusa jasho, "nifungieni tairi zangu nne."

Njambi alitazama mikokoteni iliyokuwa imesimama hadi barabarani. "Hawa walitangulia, Mheshimiwa. Kalibu za magari tuliziondoa, itabidi zifungwe upya. Subiri kidogo."

"Mama, unajua mimi ni nani?"

"Najua, baba. Wewe ulikuja na mkokoteni wa pili."

Waziri alinigeukia, uso umewiva. "Kinyanjui! Wewe si ndiye mwenye hiki kiwanda?"

Nilitafuta jibu la kiofisi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya utumishi halikuja. "Mheshimiwa," nilisema, "mwenye kiwanda ni huyo unayemsikia."

Munir alinirushia glavu za kazi. "Ndugu yangu, njoo. Hii nzito."

Waziri hakuwa na mahali pa kwenda. Aliketi kwenye benchi la wavuta mikokoteni, nao wakasogea kwa adabu. Nzomo alikata mkate wake, akampa nusu, na kwa kuwa walikuwa wanangoja pamoja, akamuuliza kama mtu anavyomuuliza mwenzake wa kazi:

"Mzee, na wewe huwa unabeba nini?"

Waziri alitazama mkate, akatazama barabara ya Ngong, akaanza kufikiri kwa nguvu. Niliingia ndani nikashika upande wangu wa kalibu, na mpaka tairi linatoka Waziri alikuwa bado hajapata jibu.