Nilivyomfundisha Mkwe Neno la Kiingereza

Leo nimejiaibisha, tena hakuna aliyenisukuma. Wazee wenzangu wa kundi hili, someni polepole, maana naandika kwa kidole kimoja.

Asubuhi tumetoka Nyanga, mimi na binti yangu Koku, kwenda Kagoma kumposea kijana wangu Kamugisha. Ana miaka thelathini na tisa. Nyumba mbili zilishamkataa (ya kwanza sikuhusika. Ya pili nilihusika kidogo). Koku ni mwalimu. Njiani akaniambia, "Baba, nakuomba. Leo usiwe overfamiliar."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kuwazoea watu ambao hawajakuzoea. Unamchukulia mkubwa wa watu kama mmechunga naye mbuzi."

Neno likanipendeza. Mimi shule niliishia darasa la tatu, mwaka ule ng'ombe wetu alipovunjika mguu, lakini hiyo ni habari nyingine. Nikalirudia kimoyomoyo mpaka tukashuka kwenye gari.

Mzee Rutashobya, baba wa binti, ni katekista mstaafu. Hacheki. Akatukaribisha kahawa ya kutafuna. Nikakaa kwa adabu, magoti yamebanana kama napigwa picha ya kitambulisho. Saa nzima! Mzee akasema, "Nimependa utulivu wako. Tuliambiwa una maneno mengi."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza.

"Waitu, mzee wangu, mimi si overfamiliar," nikasema.

"Neno hilo silijui. Maana yake?"

Koku akafungua mdomo, nikamzuia. (Kwa nini? Naulizwa mpaka sasa.) Hata bwana shamba akija kwenye migomba yako haelezi tu, anaonyesha kwa mikono. Nikahamia kwenye kochi la mzee, nikamkumbatia bega.

"Ningekuwa overfamiliar, ningekaa hivi." Nikamvua kofia, nikaivaa. "Au hivi." Nikaokota kahawa kwenye kiganja chake, nikatafuna. "Au ningesema, wewe Ruta, kitambi hiki umekitoa wapi na mkeo mwembamba vile?" Nikakigonga kidogo, kama mtu anayepima fenesi.

Mama wa binti akatoka mbio. Nilidhani analia. Baadaye nikasikia jikoni wanacheka.

Nikamgeukia mzee.

"Umelielewa?" nikamuuliza.

"Nimelielewa. Na hayo yote yalikuwa mfano tu?"

"Mfano tu, waitu."

"Mkono wako bado uko tumboni kwangu."

Koku alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Wakatoka nje kushauriana, mzee na ndugu zake. Nikamuwaza Kamugisha, anatimiza arobaini akiwa anajipikia. Waliporudi, mzee hakuniangalia. Aliongea na Koku.

"Kijana tumemkubali. Inaonekana alilelewa na mama yake. Ila siku ya mahari, kiti cha baba akalie mtu mwingine."

Kwa hiyo, ndugu zangu, natafuta hapa kundini mzee mmoja wa kuwa mimi kwa siku moja. Awe mpole, na asijue Kiingereza hata neno moja. Atakayecheka simchagui.