Kilo za Aukje, Kilo za Viazi

Jumatatu, 8 Julai. Bado nyumbani, Friesland.

Mvua. Gari-nyumba letu limejaa hadi dari: kitanda, jiko, choo, baiskeli mbili, na magunia ya viazi chini ya kila kiti. Viazi ndiyo siri. Shemeji yangu Douwe, kaka yake mke wangu Aukje, hawezi kula chakula cha jioni kisicho na viazi, na kila mwaka vyake humwishia wiki ya kwanza kule Italia. Mwaka huu atakuja kwangu kuomba. Nitamfikiria.

Kambi ya Ziwa Como imetuwekea nafasi mbili kama kawaida. Moja inatazama maji. Nyingine inatazama vyoo. Anayetangulia kufika ndiye anayechagua. Miaka yote Douwe hutangulia, na mimi na Aukje hunywa kahawa huku watu wakitupita na karatasi zao za chooni mkononi. Alhamisi Aukje anatimiza miaka sitini. Amesema hataki zawadi. Anataka kunywa kahawa ya asubuhi akitazama maji, basi. Tukirudi tena vyooni, gari hili atalitangaza liuzwe. Hatanii.

Hakuna wasiwasi! Douwe atapita barabara kuu na kwenye handaki, kama watu wote wasiofikiri. Mimi nitavuka juu ya mlima, Splügen. Kwenye ramani ni mkato wa ajabu. Aukje aliuliza kama ramani inaonyesha kona. Nikamwambia ramani nzuri haijishughulishi na mambo madogo.

Jumanne, 9 Julai. Ujerumani, barabarani.

Nilimpigia Douwe na kumwambia gari letu limeharibika, ili asiwe na haraka. Alisikitika sana. Akauliza arudi kutusaidia? Mnafiki! Nikakata simu.

Jumatano, 10 Julai. Uswisi.

Msiba. Chini kabisa ya mlima, polisi wameweka mizani. Askari mwanamke, mpole lakini hasikii. Gari limezidi uzito. Nilimweleza kwamba kwetu ni tambarare na gari hili halijawahi kulalamika. Hakucheka. Faini nimelipa, kiasi chake sikiandiki hapa. Kisha akasema gari haliondoki mpaka lipungue.

Tukamwaga maji yote ya tangi. Bado. Nikajitolea kuacha sanduku la nguo la Aukje. Akalirudisha ndani mwenyewe. Askari akasema, kwa anavyoona yeye, viazi vikishuka tutapita.

Nikauliza, je, akishuka mke? Lilikuwa swali la hesabu tu! Askari akamtazama Aukje. Aukje akamwambia, "Pima tu, mwanangu. Na mimi nataka kujua."

Tukapima. Viazi nje, Aukje ndani: tunapita. Aukje nje, viazi ndani: tunapita pia. Sare.

Nilifikiri kwa haki kabisa. Aukje ana miguu, na kuna basi la manjano la posta linalovuka mlima. Viazi havina miguu. Nikamweleza hivyo, taratibu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akachukua koti lake akaenda kituoni.

Mlima wenyewe: kona juu ya kona, na gari letu ni refu. Nikakwama katikati ya kona moja, mbele ukuta, nyuma shimo. Waendesha baiskeli wakanipita, mmoja mzee kuliko mimi. Halafu honi. Basi la manjano! Dereva akatoa kichwa dirishani: "Mzee, rudi nyuma kidogo, usiogope!" Niliogopa. Lakini nikarudi, likapita. Dirishani nikamwona Aukje, anakula mkate wa bibi aliyeketi naye. Nikampungia mkono. Yule bibi akamuuliza kitu, Aukje akatikisa kichwa. Nadhani alisema hanijui.

Jioni nikamkuta upande wa pili, Montespluga, huko huko juu, ambako kuna ziwa dogo na hoteli. Amekaa kwenye jiwe. Amenipa mgongo. Nikampikia viazi.

Alhamisi, 11 Julai.

Siku ya kuzaliwa. Niliamka, hayupo kitandani. Alikuwa ameomba maji hotelini, amechemsha kahawa yake, ameketi mbele ya ziwa. Kengele za ng'ombe tu. Uso wake hauna hasira hata chembe. Akasema, "Wiebe, leo tukae hapa hapa. Sitaki kingine."

Nikamwambia nampenda sana, lakini Douwe je? Hata kikombe hakikupoa, tukawa njiani.

Kuteremka ni kubaya kuliko kupanda. Harufu ya kuungua. Aukje akasema weka gia ndogo, toa mguu kwenye breki. Nikamjibu kwamba breki zimetengenezwa ili zikanyagwe. Moshi! Tulikaa pembeni muda mrefu magurudumu yapoe. Aukje alitazama bonde. Mimi nilitazama saa.

Tukafika kambini mchana. Douwe yupo tangu jana. Na ameegesha wapi? Vyooni! Nafasi ya ziwani tupu, imezungushiwa bendera ndogo za rangi. Keki mezani, viti vimepangwa duara. Yeye na mkewe Hinke wakaimba. Kambi nzima ikanishika mkono, hongera kwa mkeo, hongera kwa mkeo, kama desturi yetu, mume naye hupongezwa. Douwe akamwambia Aukje, "Kaa hapo, dada. Mwaka huu vyoo ni vyangu." Aukje akamkumbatia akalia.

Nikatabasamu. Kuna jambo hapa.

Ijumaa, 12 Julai.

Hakuna mtu anayetoa nafasi ya ziwani bure. Nimechunguza tangu asubuhi. Kule vyooni kuna mti mkubwa, kivuli mchana kutwa. Bomba la maji liko mlangoni. Douwe analala baada ya chakula, anakoroma kama mfalme. Sisi huku jua linatuchoma usoni. Ametuchezea! Miaka yote ametuonyesha ziwa ili tulitamani, na sasa tumenasa.

Jumamosi, 13 Julai.

Alfajiri nikamwendea Douwe, nikamtaka tubadilishane. Akauliza, "Shemeji, umemuuliza dada?" Nikasema itakuwa zawadi yake. "Wiebe, ile pale ndiyo zawadi." Alivyong'ang'ania! Hapo nikajua nimegusa penyewe. Sikumwachia mpaka akakubali.

Aukje alikuwa kitini na kahawa yake. Nikamwambia ainuke, tunahama. Hakugeuza hata kichwa. Akasema, "Hamisha gari. Mimi nimeshafika." Akamwomba Hinke kikombe cha pili. Nikalihamisha peke yangu, kinyumenyume, bila kugusa kitu.

Kivuli ni kizuri mno. Kila anayekwenda chooni ananisalimia. Nimekula peke yangu, na ndani kuna nafasi kubwa kuliko nilivyodhani. Kutoka hapa namwona Aukje kule kando ya maji, anacheka na kaka yake, jua lote usoni. Maskini. Akichoka na joto atakuja mwenyewe. Nimemwekea kiti.