Pasta Amekaa Kulia

Jumatatu, 3 Juni 1996. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi.

Hasira! Kanisa limepata fedha za kununua pikapu ya kwaya, na wanataka kumpa Adolphe usukani. Adolphe! Fundi cherehani! Mimi Cishahayo niliendesha lori la mawese kutoka Rumonge hadi Bujumbura, mvua na jua, na tangu nifike hapa natembea kwa miguu kama mbuzi wa mnadani. Kiti kile ni changu.

Jumanne, 4 Juni.

Tumekwenda mtaa wa Mchesi, Lilongwe, kuona magari ya Bambo Chisale, yaani Bwana Chisale, mfanyabiashara. Mawili, yote makuukuu. Datsun: injini 1200, vijitairi kama vya toroli, usukani kulia. Peugeot 504: injini 1800, inabeba tani nzima, na usukani uko kushoto, mahali pake pa haki, kama kwetu. Adolphe akasema Malawi magari hupita kushoto, kwa hiyo usukani wa kulia unafaa zaidi. Nikamuuliza cherehani yake ina injini ya ngapi. Watu wakacheka. Yeye anapuliza vumbi kwenye kabureta. Mjinga.

Pasta Ezechiel ameamua. Jumamosi Bambo Chisale atatuazima yote mawili, twende kuimba harusini Area 18, mtaa mwingine wa Lilongwe. Litakalokwenda vizuri litanunuliwa, na dereva wake ndiye dereva wa kwaya.

Alhamisi, 6 Juni.

Mpango! Nimejitolea kupanga abiria. Datsun: akina mama wote wa sauti nzito, ngoma, sufuria za harusi na gunia la viazi. Peugeot: vijana wembamba, wale ambao wakikohoa wanayumba. Na Pasta mbele, kulia kwangu, aione nguvu kwa macho yake. Mama Pascaline, kiongozi wa kwaya, ameuliza kwa nini akina mama wote gari moja. Nimemwambia ni kwa ajili ya heshima. Amenishukuru!

Jumamosi, 8 Juni.

Laana! Adolphe alitangulia wakati mimi nawapungia watu mkono. Sawa, nikasema, nitampita kwenye lami. Datsun ikatambaa. Lile gunia nililijaza mwenyewe! Nikakanyaga mafuta, nikasogea. Mbele sioni kitu. Kushoto naona majani tu. Anayeona barabara ni aliyekaa kulia, na aliyekaa kulia ni Pasta.

Nikamuuliza kama njia iko wazi. "Bado, ndugu. Mi naona kinga." Hiyo baiskeli ilikuwa kilima cha tatu! Nikauliza tena. "Bado. Kule kuna bantu na mbuzi." Nikasema wako kando ya barabara. "Banaweza kuvuka, ndugu." Hivyo hivyo mpaka Lilongwe. 1800 nyuma ya 1200! Na akina mama wote wananitazama usoni, wanaimba, Pascaline ananipungia kitambaa.

Jumapili, 9 Juni.

Pasta ametangaza baada ya ibada. Peugeot ni gari zuri, amesema, ila halina mbio: njia nzima tulikuwa nyuma, tena bila mizigo. Datsun imeshinda. Adolphe amepewa ufunguo, vigelegele kanisa zima. Mimi nimepewa kazi ya kupanga abiria, kwa kuwa najua heshima. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Lakini nimefikiri. Injini haina kosa. Usukani hauna kosa. Kosa ni macho ya Pasta. Kule Area 18 nimeona lori kuukuu, injini 6000, usukani kushoto. Kesho naanza kuchangisha fedha za miwani yake.