Mlima Uliohamia Ofisini

Idara ya Misitu ya Milimani ilitangaza rasmi kwamba mabadiliko ya tabianchi yamekoma. Yalikoma Jumatatu asubuhi, mara tu baada ya chai.

Mkurugenzi hakutaka sifa. Alitaka tu kuteuliwa kuwa Katibu Mkuu, na Waziri alikuwa njiani kuja kujionea mafanikio.

Kazi haikuwa rahisi. Ukungu uliozoea kuulowesha msitu ulikuwa umeacha kuja, bila hata kuaga. Miti ya bondeni ilianza kuota juu, na ile ya juu, kwa kukosa pa kupanda, ilikauka imesimama. Wataalamu walileta ripoti nene, ambayo ilifaa sana kuzuia mlango usijifunge. Kisha Mkurugenzi akatoa mwongozo wake: msitu ukizidi nyuzi ishirini na nne, wanaoupasha joto ni wakazi wake, waondolewe papo hapo bila kujali cheo. Hilo la cheo aliliongeza kwa sababu lilisikika vizuri redioni.

Wakazi wakaondolewa, nyumba zao zikabomolewa. Joto likazidi kupanda.

Ndipo alipogundua kiini cha tatizo: kipimajoto. Maskini, kilikuwa kikifanya kazi katika mazingira magumu, huko juu mlimani, peke yake. Akakihamishia ofisini kwake, chini ya kiyoyozi, na mlangoni akabandika kibao: MSITU WA MLIMANI, KITUO KIKUU. Kikashuka hadi kumi na nane.

Asubuhi hiyo, Waziri akiwa bado njiani, shangazi yake alimfuata ofisini. Ndiye aliyemlea, katika nyumba ileile iliyobomolewa kando ya msitu.

"Mwanangu, niruhusu nirudi kwangu," alisema. "Nalala darasani, chini ya ubao. Na nyuki wangu wote wametawanyika."

"Shangazi, sayansi haina undugu. Umeondoka, mlima umepoa. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unautia joto."

"Mimi? Na kajiko kangu kale?"

"Andika rufaa. Itashughulikiwa kwa wakati mwafaka."

Shangazi alitoka nje akisonya. Waziri akaingia, akakitazama kipimajoto, nusura akikumbatie. Alikuwa katikati ya hotuba, amefika kwenye "hivyo basi, namteua", umeme ulipokatika. Mto uliozungusha mitambo ya umeme ulitoka mlimani, palepale ukungu ulipokuwa ukitua, na sasa mbuzi aliuvuka bila kulowa magoti.

Kiyoyozi kikakohoa, kikanyamaza. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari ili ubaridi usitoroke. Waziri, ambaye hakuwahi kukatiza hotuba yake kwa ajili ya mtu yeyote, akarudia kuanzia mwanzo. Suti zikalowa. Kipimajoto kikapanda hadi ishirini, kikapita ishirini na nne, kikafika thelathini.

Mkuu wa askari wa misitu alikuwa amesimama mlangoni. Akakisoma kipimajoto, akapiga saluti.

"Msitu umezidi! Vijana, ondoeni watu!"

"Una wazimu?" Mkurugenzi alifoka. "Hii ni ofisi!"

"Kibao kinasema msitu, bosi."

"Mimi ni Waziri!"

"Bila kujali cheo, Mheshimiwa."

Waziri alitolewa amebebwa juujuu, akipiga kelele kwamba hateui mtu. Mkurugenzi alifuata, pamoja na kiti chake. Nyumba yake ya serikali, iliyokuwa ndani ya uzio uleule wa ofisi, nayo ikafungwa. Alibaki barabarani na tai yake, hana pa kwenda. Shangazi, aliyekuwa bado nje, akamshika mkono kama enzi zile za utoto wake, wakaondoka.

Jioni jua lilipozama, ofisi ikapoa yenyewe. Mkuu wa askari akatangaza redioni kwamba sasa imethibitika kisayansi: aliyekuwa akiupasha mlima joto ni Mkurugenzi, na hataruhusiwa kurudi.

Mkurugenzi aliisikia taarifa hiyo akiwa darasani, chini ya ubao, kwenye ukingo wa mkeka.

"Uongo mtupu!" alilia. "Shangazi, mimi nina joto gani?"

"Sayansi haina undugu, baba," shangazi alijibu huku akivuta shuka. "Hebu sogea huko, unanitia joto."