Harufu Yenye Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Likizo imeanza! Stoo ya shule nimeifunga kwa mkono wangu, funguo nimemkabidhi mwalimu mkuu, na amesaini. Tangu niitunze stoo ile hakijatoka hata kifutio bila saini. Sasa akili hii yote naileta nyumbani.

Kabichi za mke wangu zina njaa. Majani ya chini yamegeuka manjano. Amewaahidi wapishi wa hospitali kuwapelekea kabichi mwezi huu, na mke wangu akishatoa neno halirudishi. Amenipa hadi Jumatatu ijayo: ama nimletee mbolea ya maana, ama aende kuomba kwa Breki.

Breki ni jirani yetu, dereva mstaafu. Hufanya kila kitu polepole, na kila kitu kinamkubali. Inaudhi sana.

Nimeshamaliza kazi. Mfuga kuku wa mtaa wa pili amenipa kinyesi cha kuku bure, toroli baada ya toroli, tena akakisukuma mwenyewe hadi nyuma ya nyumba yangu. Hakutaka hata asante. Aliondoka mbio. Watu wananiheshimu.

Nilichungulia juu ya ua kuona rundo la Breki. Limefunikwa nyasi kavu na turubai kuukuu. Halinuki hata kidogo. Nikamuuliza kama limekufa. Akasema limelala. Nilicheka hadi nikapaliwa. Mbolea isiyonuka ni udongo tu unaojidai! Nguvu ya mbolea iko kwenye harufu, hata mtoto anajua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeligeuza rundo asubuhi. Nimeligeuza mchana. Nimeligeuza jioni. Halafu wazo likanijia lenyewe: majivu! Nikamwagia karai zima la majivu ya jikoni na kukoroga. Matokeo papo hapo. Machozi yalinitiririka. Jogoo wetu amehamia juu ya paa. Ubora wa hali ya juu.

Mke wangu amefunga madirisha yote na amekula akiwa amenipa kisogo. Nikamkumbusha kwamba chema chajiuza. Akaniambia niimalizie hiyo methali. Sikuona haja.

Alhamisi, 6 Machi

Mtaa mzima unalalamika. Fundi cherehani, yule mama wa nyumba ya kona, anasema wateja hawasimami hata kupimwa. Juzi bibi harusi mmoja alipimwa kiuno huku amejiziba pua kwa leso, na sasa gauni limekuwa la mtu mwingine. Mwenyekiti wa mtaa amepita nyumba kwa nyumba akiuliza harufu inatoka wapi.

Nilimtazama usoni nikamwambia sijui. Nikaongeza kwamba hata mimi nimeteseka. Alinihurumia hadi akanitia kwenye kamati ya kuitafuta harufu. Nikachaguliwa kiongozi! Sikujipendekeza, walinitaka wenyewe.

Kamati imefanya kazi nzuri. Niliwazungusha mtaa mzima, na getini kwangu tukapita mara mbili bila kusimama. Bahati iko upande wangu, maana upepo wa hapa unatoka kwangu kwenda kwa Breki. Harufu inauma zaidi uani kwake! Nikawaambia wajumbe kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakamtaka Breki afunue rundo lake. Akafunua, polepole. Lilikuwa na harufu ya ardhi baada ya mvua. Wajumbe wakabaki wamesimama pale wakivuta pumzi, hawataki kuondoka.

Mwenyekiti amekasirika. Ametangaza kwamba mwenye harufu hii, siku akijulikana, atauzibua mtaro wa mtaa peke yake, kuanzia juu hadi chini. Niliunga mkono kwa nguvu. Nilipiga makofi.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu amemwita afisa kilimo bila kuniuliza. Binti mdogo mwenye buti kubwa. Alikagua kabichi, akafika kwenye rundo langu, akarudi nyuma hatua kadhaa. Nikamwuliza kama amewahi kuona nguvu ya namna ile.

Akasema hajawahi kuona nguvu ikikimbia namna ile. Eti harufu ile inayouma macho ni nitrojeni, chakula chenyewe cha mimea, inayotoka kwenye kinyesi ikiwa gesi ya amonia na kwenda zake hewani. Kila ninapogeuza naifungulia mlango. Majivu ndiyo yanaitimua kabisa. Eti nichanganye majani makavu mengi, nifunike, niache liive taratibu, na nisithubutu kuzipa kabichi kitu hicho kibichi, zitaungua. Mke wangu alikuwa anaitikia kila neno kama yuko ibadani.

Aliendelea kusema mengi, lakini mimi nilishika moja. Nilimwuliza hiyo nitrojeni ikitoka inakwenda wapi. Akasema nyingine hupotea juu, nyingine hutua jirani, kule upepo unakoelekea.

Nikapanda kwenye ndoo nikachungulia juu ya ua. Mahindi ya Breki! Kijani kile, hadi kinaelekea weusi! Kumbe. Kumbe!

Mali yangu imetoka stoo bila saini. Kikulacho ki nguoni mwako. Usingizi hauji kwa hasira, na kwa furaha pia, maana kesi hii nimeshaishinda.

Jumamosi, 8 Machi

Siku kubwa. Nilimwomba mwenyekiti aitishe mkutano. Mke wangu alinishika mkono mlangoni akanisihi nikae nifikiri kidogo, japo mara moja. Akasema, "Baba watoto, leo nakuomba tu, nyamaza." Nikamwambia wivu wa Breki umempofusha hata yeye. Akaniachia.

Nilizungumza vizuri sana. Nilianza na nitrojeni ni nini. Nikafunga leso kwenye fimbo kuonyesha upepo unavyotoka kwangu moja kwa moja hadi kwa Breki. Nikathibitisha, hatua kwa hatua, kwamba harufu yote ya wiki hii, tangu Jumanne hadi leo, imetoka nyuma ya nyumba yangu na si pengine popote. Nilisisitiza hapo. Sikutaka mtu mwingine aje kudai sehemu yake! Kwa hiyo theluthi moja ya mahindi ya Breki ni yangu kwa haki.

Watu wote wakageuka kuitazama nyumba yangu. Niliichukulia kuwa heshima.

Mwenyekiti akaniomba nirudie ile sehemu ya harufu ni ya nani, ili na walioko nyuma wasikie. Nikarudia kwa sauti kubwa. Harufu ni yangu! Yote!

Fundi cherehani ndiye aliyemaliza ile methali. Alisema kibaya chajitembeza, tena alisema akiwa amesimama juu ya benchi. Mke wangu alikuwa ameshaondoka.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda mtaroni. Mtaro ni mrefu kuliko unavyoonekana ukiwa barabarani. Bibi harusi alikuja kunitazama. Alileta na kiti.

Hukumu ya pili: rundo liondoke kabla ya jua kuzama. Nilizunguka nalo kwenye toroli, kila geti likafungwa. Mfuga kuku alijifanya hayupo, na nilimwona dirishani. Mwisho Breki akafungua geti lake, polepole, akanionyesha pembe ya juu ya shamba lake, nyuma ya choo chake cha shimo. Choo hicho kimejaa hadi mdomoni, mlango ameufunga kwa kamba. Nikamwaga pale. Akachanganya majani makavu, akanyunyiza maji, akafunika. Hakusema hata neno moja la kunisuta. Ningependa angesema.

Baada ya saa kadhaa harufu ikaisha. Watu walitoka nje kuisikilizia hewa.

Kisha mke wangu akaenda kwa Breki na karai. Akarudi na mbolea yake ile nyeusi, iliyoiva, akaizungushia kabichi moja moja kwa mikono. Hakuniita nimsaidie. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni nikiwa nanuka mtaro. Niliumia, siwezi kusema uongo humu. Nilitaka zile kabichi zishibe kwa mkono wangu.

Jumatano, 19 Machi

Kabichi zimepona! Zimefunga vichwa, kijani kitupu. Mke wangu anaimba. Jumamosi anakata za kwanza kupeleka hospitali, na jana, mara ya kwanza tangu ule mkutano, aliniwekea sukari kwenye chai. Maisha yamerudi mahali pake. Ningeweza kuishia hapo.

Lakini leo asubuhi afisa kilimo alipita kuziona, akataja jambo. Alisema mvua kubwa ikinyesha, nitrojeni iliyoko udongoni huyeyuka na kuteremka na maji. Aliendelea kusema, ila sikuhitaji zaidi. Shamba la Breki liko juu. Letu liko chini. Rundo langu liko pembe ya juu kabisa! Kilichotoka kwa upepo kitarudi kwa maji.

Nimechimba mtaro. Sasa mimi ni mzoefu wa mitaro kuliko yeyote mtaani. Unaanzia kwenye ua, chini ya ile pembe, na kuteremka moja kwa moja hadi katikati ya kabichi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mchana kutwa. Breki alinichungulia juu ya ua kwa muda mrefu. Akaniuliza, polepole, kama nina hakika. Nikamjibu kwamba safari hii hapati kitu.

Mke wangu ametoka sasa hivi kuanua nguo. Ameuona mtaro. Ameufuata kwa macho kutoka kwenye kabichi hadi juu kwenye ua, na mtaro ulipokomea akaendelea kutazama, hadi kwenye ule mlango wa choo uliofungwa kwa kamba. Ameziangusha nguo zote chini. Anakimbilia koleo, anapiga kelele nifukie, nifukie haraka.

Wanawake wa nyumba hii hawaiamini sayansi. Matone ya kwanza yameanza, makubwa makubwa. Nimesimama mdomoni mwa mtaro na kalamu mkononi. Safari hii kila kitakachoingia nitakipokea mwenyewe.