Tegu Wangu, Jina la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Msalani nimeona vipande vyeupe, bapa, vinajikunja. Lahaula! Daktari wala hakushtuka. Kauliza kama nakula nyama isiyoiva. Nikakana. (Nyama gani imewahi kuiva mimi nikiwa jikoni?) Anashuku tegu. Kanipa kikopo, niandike jina, nipeleke choo maabara. Na maabara anakaa nani? Mama mkwe! Mama aliyenizalia mke achungulie choo changu kwa darubini? Bora tegu anile mpaka mifupa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa ya aibu. Kikopo nimekiandika jina la shemeji, kaka wa mke wangu. Mama atamwonea haya gani mtoto aliyemtawaza mwenyewe? Nimekiacha dirishani pa maabara, huyoo, mbio. Vidonge vikitoka nitamwomba shemeji. Kichwa hiki!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mayai ya tegu yameonekana. Mama mkwe kamfuata mwanawe mpaka kazini, jikoni mwa shule, akamsimamia akameza vidonge vyote mbele ya wapishi wenzake. Hakikubaki hata kimoja! Shemeji kaapa hajapeleka choo popote. Nani amsikilize? Mkuu wa shule kamsimamisha kazi. Na mkewe kajifungua juzijuzi tu. Leo sahani nimeisukuma kando. Tegu naye kalala njaa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekiri kwa shemeji. Nilitegemea kibao. Hakunipiga. Kaketi juu ya ndoo, akasema ningemwambia tu, angekipeleka yeye na siri ingebaki yetu. Nililia kama mtoto. Kaniomba jambo moja: nimweleze mama ukweli, amwandikie mkuu wa shule barua, Jumatatu arudi kazini. Nimeapa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda na kikopo kipya. Maneno nimeyakariri njia nzima. Mama mkwe katoka na glavu zake, kaniita baba, kaulizia hali za nyumbani, kisha kikopo ni cha nani. Nikafungua kinywa. Nikasema cha mke wangu.

Kavua miwani. Kajiuliza kwa sauti ndogo aliwalisha nini wanawe, hata wote wawili wapate tegu. Nilitamani ardhi inimeze. Maskini shemeji! Barua yake nitaiomba wiki ijayo, Mungu akipenda.

La muhimu, safari hii vidonge vinakuja nyumbani kwangu. Kilichobaki ni kumtafutia mke wangu safari, kabla mama yake hajaja kumsimamia ameze.