Mngurumo wa Gari la Papa Isidore

Gari jeusi la Papa Isidore lilinyamaza siku ya soko, mbele ya watu, na Marcellin akausikia ukimya ule kama wengine wanavyosikia harufu ya nyama inayochomwa.

Si kwamba injini ilizimika. Injini ilikwenda vizuri, polepole, kama ya padri anayerudi kutoka misa ya kwanza. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Papa Isidore, muuza simenti na mabati, alilinunua gari lile likiwa limepita mikononi mwa kijana mmoja wa Dubai, na kijana huyo alikuwa ameweka kwenye bomba la moshi kitu ambacho Bunia ilikuwa haijakizoea: klape ya umeme, kilango kidogo cha chuma. Ukibonyeza kitufe kando ya usukani, klape inafunguka, moshi unatoka moja kwa moja bila kupita kwenye kile chombo cha kupunguza kelele, na gari linanguruma mpaka mbuzi wanakata kamba. Ukibonyeza tena, klape inajifunga, nawe unakuwa tena raia mwema.

Sasa mwenye gari alikuwa anabonyeza, anabonyeza tena, anaipiga dashibodi makofi, na gari linaendelea kuwa raia mwema.

"Patron," Marcellin akasema, tayari ameegemea mlango, "usipige mugonjwa."

"Weye ni nani?"

"Miye ni daktari yake."

Marcellin alivaa ovaroli ya bluu, safi, iliyopigwa pasi mpaka mstari ukasimama mguuni kama wa afisa. Mtu mwenye akili angejiuliza ni fundi gani wa magari mwenye ovaroli safi namna ile. Lakini akili ya Papa Isidore ilikuwa na shughuli nyingine. Jumamosi alikuwa anapeleka mahari ya mtoto wake wa kiume, Élisée, kwa wakwe, mtaa wa Saio, na alikuwa ameapa mbele ya wafanyabiashara wenzake kwamba wakwe watamsikia kabla ya kumwona.

Marcellin alitandika boksi chini, akajitelezesha chini ya gari. Alichokiona kilikuwa kidogo na cha kweli, na tapeli haishi kwa vitu vidogo wala vya kweli. Tope lilikuwa limeingia kwenye klape, kutu ikaishika ikiwa imefungwa, na kale kagurudumu ka plastiki kanakoizungusha kalikuwa kameyeyuka kwa joto. Fundi mwaminifu angesugua kutu na kuagiza kagurudumu kapya Kampala. Marcellin alitoka chini akiwa na uso wa msiba.

"Klape imekufa, patron. Lakini habari nzuri iko."

"Gani?"

"Ile ilikuwa modèle ya zamani, ya batoto. Nitakuwekea ya sasa. Kule Japon hata bakubwa banaingojea."

"Itapita ile kwa kelele?"

"Patron, weye unatafuta kelele ao unatafuta heshima?"

"Kelele. Heshima niko nayo."

Papa Isidore hakuwa mjinga mzima. Alikuwa mjinga upande mmoja tu, upande wa sifa. Upande wa pesa alikuwa macho. Hakutoa hata noti. Alitoa ufunguo wa pikipiki nyekundu iliyokuwa imelala kwenye depo yake ya simenti, akaupunga mbele ya pua ya Marcellin, kisha akaurudisha kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo.

"Siku ya Jumamosi, motoka ikinguruma mbele ya bakwe, pikipiki ni yako. Isiponguruma, ni weye utalia."

Kuanzia dakika ile Marcellin hakuona kitu kingine duniani isipokuwa mfuko ule wa shati. Alikuwa anatembea kwa miguu tangu pikipiki aliyoazimwa na shemeji yake ilipojiuza yenyewe huko Mongbwalu. Shemeji hakuamini kwamba pikipiki inaweza kujiuza. Watu wana imani haba siku hizi.

Basi kelele itatoka wapi? Kelele aliipata kwa Mama Vahwere.

Mama Vahwere alikuwa anauza dawa ya panya. Alizunguka mji mzima na mfuko kichwani na megafoni begani, na megafoni ilirudia sauti yake toka asubuhi mpaka jioni bila yeye kufungua kinywa. Marcellin alimsimamisha njiani, akasikiliza megafoni kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mama, batri hii itakupasukia ku sikio. Nipe niitengeneze. Bure, kwa sababu unafanana na mama yangu."

Mama Vahwere akatoa. Tangu siku hiyo aliuza dawa kwa koo lake mwenyewe, mpaka koo likakauka na sauti ikawa ya kukwaruza kama sufuria.

Marcellin, kwa upande wake, alikwenda kwa wale wanaoingiza muziki kwenye simu, akafuta sauti ya mama katika kadi ya memori, akaweka mngurumo wa magari ya mashindano, wenye milipuko ndani yake, pa-pa-pa-pa. Akaifunga megafoni kwa waya nyuma ya bampa, akaiunganisha na kile kitufe. Klape ya kweli aliiacha na kutu yake. Papa Isidore alipobonyeza mara ya kwanza pale kwenye garaji ya Marcellin, kando ya barabara, machozi yalimlengalenga.

"Hii ndiyo motoka," alinong'ona.

Siku chache kabla ya mahari, Mama Vahwere alifika garaji.

"Fundi, masini yangu iko wapi?"

"Batri ingali inalala, mama. Ukiiamusha haraka, inakufa."

"Pole yake," alisema mama. Akakaa chini kando ya gurudumu la nyuma la gari jeusi, akisema miguu inamuuma. Marcellin alikuwa na furaha, na furaha ina mdomo mpana. Akamwambia kila kitu isipokuwa ukweli: mahari, Saio, pikipiki nyekundu, ufunguo kwenye mfuko wa shati. Kisha akaenda kumpokea mteja barabarani. Kesho yake mama alirudi, akakaa palepale. Miguu ilikuwa ingali inauma.

Jumamosi ikafika. Nyumbani kwa Muzee Augustin, baba wa bibi harusi, viti vya plastiki vilipangwa chini ya turubai na soda zilikuwa mezani. Ile ilikuwa familia iliyokimbia vita kule Fataki, na majirani wengi waliokaa pale walikuwa wamekimbia pamoja nao. Papa Isidore hakufikiria hilo. Anayejisikiliza mwenyewe hana sikio la akiba. Marcellin alisimama langoni, ovaroli imepigwa pasi upya, akingoja pikipiki yake.

Gari likakata kona. Papa Isidore akabonyeza.

Mngurumo ukapasuka, na milipuko yake, pa-pa-pa-pa-pa.

Bunia ni mji ambao mlio wa namna ile hauombwi kitambulisho. Ua mzima ukalala chini. Hakuna aliyepiga yowe. Walilala kimya, watoto kwanza, bila kusukumana, kama watu waliofanya mtihani huo mara nyingi na hawakupewa diploma. Kupitia kioo cha mbele Papa Isidore aliona viti vitupu na chupa moja ya soda ikibiringika. Alisahau hata kuzima.

Mngurumo ukaisha wenyewe. Halafu, kutoka matako ya gari, ikatoka sauti ya mwanamke, ya kukwaruza:

"Panya inakula muhogo yako, inakula soksi yako, inakula mupaka karatasi ya ubatizo! Dawa ya panya iko! Dawa ya mende iko! Kunguni, kwisha!"

Kichwa kimoja kikainuka. Kikafuata kingine. Mtu akacheka, na kicheko kikawashika wote, kile cha watu waliojikuta bado wako hai. Hakucheka Muzee Augustin. Alitoka chini ya meza, soda kifuani.

"Nani analeta kelele ya masasi, kelele ya vita, kwangu, siku ya mutoto yangu?"

Élisée, aliyekaa kiti cha kando garini, alimtazama baba yake. Baba akashuka garini, lakini uhodari wote ulikuwa umebaki kwenye bomba la moshi. Ndoa ilikuwa inaning'inia. Marcellin alianza kupima urefu wa ukuta.

Hapo ndipo Mama Vahwere alipoingia, mfuko kichwani, amejaa heshima.

"Muzee, tusamehe kelele. Ni kosa ya fundi, ule pale wa bluu. Lakini ile sauti ya dawa, ya nyuma yake, ni ya Papa Isidore. Alisikia panya ya Saio inamaliza chakula ya batu balikimbia. Akasema hawezi kuleta mahari mikono mitupu. Amenunua mufuko hii yote, tugawe nyumba kwa nyumba." Akashusha mfuko. "Na amenipa pikipiki nyekundu nifikishe dawa mupaka ku kambi ya bakimbizi. Funguo iko mu mufuko yake ya shati. Ao ninadanganya, patron?"

Ua mzima ukageuka kumtazama patron.

Papa Isidore alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara anajua wakati bei imeshapangwa na duka lingine halipo. Angeweza kuwa mtu aliyewapigia wakwe kelele za vita, au mtu aliyewaonea huruma.

"Ni kweli," akasema. Ufunguo ukatoka mfukoni kama jino.

Vigelegele vikapigwa. Muzee Augustin akampa mkono. Papa Isidore, akitabasamu kwa wakwe, akasema kwa meno yaliyofungwa: "Marcellin. Ingia chini. Toa masini ya mama."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na hakukuwa na boksi la kutandika.

Alipomaliza, megafoni ilirudi kwa mwenyewe, na ovaroli ilikuwa na rangi ya barabara. Baadaye alimkuta Mama Vahwere nje ya depo ya Papa Isidore, juu ya pikipiki nyekundu, injini inawaka, megafoni begani. Akasimama mbele ya gurudumu.

"Ulinidanganya, mama!"

"Miye?"

"Ile kadi!"

"Ulisema batri inalala. Nikainama, nikaona inalala chini ya motoka ya mutu. Nikatoa kadi, nikaenda kurudisha sauti yangu nyuma ya ile yako, kesho yake nikaiweka. Yako sikugusa. Miye ni mutu ya heshima."

"Ile pikipiki ilikuwa yangu! Angalau uniombe pardon. Mbele ya hawa batu."

Watu walikuwa wameshaanza kusimama. Mama Vahwere alikohoa, akashika koo lililokauka kwa kupiga kelele wiki nzima, akaona ni bora asilichoshe tena. Akainua megafoni, ili wasikie hata walio ng'ambo ya barabara:

"Pardon haiko! Leo haiko, kesho haiko! Toka mu njia, fundi, nitakukanyaga!"